Rafiki yangu ananiomba nimpake weusi afanane na Lupita

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Columbus, Ohio, pamoja na mume wangu. Kazi yangu ni mekapu. Nilijifunzia Dar es Salaam kwa mama mdogo aliyekuwa anapamba maharusi Kinondoni. Nilianza kwa kushika kioo na kusafisha brashi, hadi nikawa namshughulikia bibi harusi mwenyewe, kuanzia singo na hina mpaka shela. Huku nimekodi kiti kwenye saluni. Wateja wangu wengi ni Waafrika na Wamarekani weusi, na wananijia kwa sababu moja: najua kuchanganya faundesheni ya ngozi nyeusi isigeuke rangi ya majivu.

Saluni hiyohiyo yupo mwenzangu mmoja, mzungu, na ni rafiki wa kweli. Nilipokuwa nasomea leseni alibaki na mimi jioni akinifafanulia maswali ya mtihani. Gari langu lilipoharibika, yeye ndiye aliyekuwa akinipitia asubuhi. Anapenda ile mekapu ya kujigeuza. Anakaa mbele ya simu na uso mtupu, video inakwenda mbio, kuja kushtuka amekuwa mtu mwingine kabisa. Amejigeuza waimbaji, malkia wa zamani, hata mwanamume mwenye masharubu. Kipaji anacho, nasema kweli, na video zake zinatazamwa sana na kumletea wateja.

Sasa mwezi wa kumi, Wamarekani wanapovaa mavazi yao ya Halloween, anataka kutoa mfululizo wa wanawake anaowahusudu. Mmoja wao ni Lupita Nyong'o, yule mwigizaji Mkenya. Ananiambia hawezi kuipata ile ngozi peke yake, na hataki kuiharibu, kwa hiyo nimchanganyie rangi, nimpake uso, shingo, kifua na mikono, kisha nitokee kwenye video kama mtaalamu. Atanilipa dola 500, na ameshanitumia dola 150 za kianzio.

Nyumbani pamechafuka. Binti yangu wa miaka 15 aliona picha za majaribio kwenye simu yangu. Akanyamaza, halafu akasema, "Mama, hiyo ni blekifesi. Ukitokea kwenye hiyo video mimi siendi shule." Baba yake akamwambia hayo ni magomvi ya Wamarekani wao kwa wao, sisi tumekuja kutafuta maisha, hatukuletwa na meli ya mtu. Mdogo wangu wa Dar nilipompigia alicheka: shuleni si tulijipaka unga tukaigiza wazee na wazungu, mzungu gani aliyelia? Na mimi mwenyewe najiuliza. Nimewahi kumpamba dada mweusi kama Marilyn Monroe, yule mwigizaji mzungu wa zamani, kwa ajili ya sherehe, watu wakapiga makofi. Kule Dar nilikuwa nawapandisha weupe mabibi harusi wangu, na mama zao wakinishukuru. Sasa rangi ikipakwa kuelekea upande wa pili, tena na mtu anayetaka kusifu, ubaya uko wapi?

Shangazi, kama ni vibaya niambie kwa nini ni vibaya, maana "watu watasema" hainitoshi. Na rafiki aliyenitendea wema wote huo nitamwambiaje?

Mpambaji, Columbus

JAWABU

Marahaba mwanangu.

Nakupa jibu kwanza ili usisome ukiwa roho juu. Usimpake, na usitokee kwenye video hiyo. Urafiki unaweza kubaki, nitafika huko. Lakini umetaka sababu, na ni haki yako kuzipata, kwa hiyo nivumilie nikurudishe nyuma kidogo, kwenye historia ya hiyo blekifesi aliyoitaja binti yako, yaani kujipaka weusi ili kumwigiza mtu mweusi. Sehemu ya kisa hiki ina asili yake jirani na hapo unapoishi.

Katika miaka ya 1830 mzungu mmoja, Thomas Dartmouth Rice, alijipatia umaarufu Marekani kwa kujipaka masizi usoni, kuvaa matambara na kurukaruka akiimba kama mtu mweusi mpumbavu aliyempa jina la Jim Crow. Mwaka 1843 wanaume wanne walipanda jukwaani New York wakijiita Virginia Minstrels, wakafanya onyesho zima la usiku kwa mtindo huo. Mmoja wao, Dan Emmett, alikuwa mzaliwa wa Mount Vernon, Ohio, mji ambao ukitoka Columbus kwa gari hauchukui muda mrefu kuufikia. Walichoma vizibo vya chupa, wakasaga, wakachanganya na maji au mafuta, wakajipaka. Mdomo waliuchora mpana kupita kiasi. Halafu wakaigiza mtu mvivu, mwizi wa kuku, mwoga, asiyejua kusema, anayecheka muda wote na kuupenda utumwa wake.

Angalia wakati wenyewe. Utumwa ulikuwa halali katika majimbo ya kusini, na ulikuja kukomeshwa kwa katiba mwaka 1865. Wazungu wengi wa miji ya kaskazini walikuwa hawajakaa meza moja na mtu mweusi maishani mwao, na walichokijua juu yake walikipata kwenye maonyesho haya, ambayo ndiyo yaliyokuwa burudani kubwa ya nchi kwa miongo mingi. Kisha utumwa ulipokwisha zikatungwa sheria za kumtenga mtu mweusi shuleni, kwenye treni, hospitalini na hata makaburini, na watu wakaziita kwa jina la yule kikaragosi: sheria za Jim Crow. Zilidumu hadi miaka ya 1960. Bibi na babu za wateja wako wameishi chini yake. Kwa hiyo mteja wako mmoja akiona uso wa mzungu umepakwa weusi, hata kwa rangi ya bei ghali na kwa brashi laini, anaona kitu ambacho familia yake inakifahamu vizuri sana.

Yupo hata mtu mweusi aliyelazimika kujipaka weusi. Bert Williams alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka 1874, akawa mmoja wa wachekeshaji wakubwa kabisa wa jukwaa la Marekani, na akafa 1922. Kwa miaka mingi alipanda jukwaani na masizi usoni, kwa sababu watazamaji wazungu walikuwa wamezoea kumwona mweusi wa masizi, na ngozi yake mwenyewe ilikuwa ya weupe zaidi kuliko ile waliyoitaka. Nafikiria mtu huyo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mweusi anayejifunika weusi wa kubuniwa na wengine ili apate mshahara, na ninashindwa kulichukulia jambo hili kama mchezo wa rangi tu.

Sasa nije kwenye fani yako, maana hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi kuliko popote.

Lena Horne alikuwa mwimbaji na mwigizaji mweusi, mzaliwa wa Brooklyn, aliyeingia mkataba na kampuni ya filamu ya MGM mwaka 1942. Ngozi yake ilikuwa ya maji ya kunde iliyoelekea weupe, na wakubwa waliona kwenye kamera hajulikani vizuri kuwa mweusi. Kampuni ya vipodozi ya Max Factor ikamtengenezea faundesheni maalumu ya kumtia rangi, ikaitwa Light Egyptian. Yeye mwenyewe alisimulia kilichofuata. Kazi hazikuja. Alipewa wimbo mmoja hapa, mwingine pale, na vipande vyake vilipigwa kwa namna ya kukatwa kirahisi filamu ikipelekwa majimbo ya kusini. Ile rangi iliyochanganywa kwa ajili ya uso wake wakaichukua wakawapaka waigizaji wazungu, nao wakacheza wanawake wenye damu ya Kiafrika.

Mwaka 1951 ilitoka filamu ya Show Boat. Ndani yake yumo Julie, mwimbaji mwenye asili ya weusi aliyeolewa na mzungu. Lena alikuwa ameshauimba wimbo wa Julie katika filamu nyingine ya kampuni hiyohiyo mwaka 1946, na aliitaka nafasi ile. Kanuni za filamu za wakati huo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya mweupe na mweusi, basi nafasi akapewa Ava Gardner, mzungu. Na wawili hao, mwanangu, walikuwa marafiki. Ava Gardner hakuwa mtu mbaya, wala sijapata kusikia Lena akimsema vibaya. Lakini rangi ilipakwa, na aliyepakwa akakaa kwenye kiti ambacho mwenye ngozi yake alizuiwa kukikalia.

Hiyo ndiyo sababu yangu kuu, na inatosha hata kama yule Jim Crow asingekuwepo. Rangi hiyo imetumika miaka na miaka kuwapa watu sura ya mtu mweusi huku mwenyewe akibaki nje ya mlango. Na wapambaji walikuwemo. Kila uso uliopakwa ulikuwa na mtu aliyeshika sifongo.

Upande wa pili wa kisa hicho unaujua wewe kwa mikono yako. Iman, msichana wa Mogadishu aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliondoka kwenda New York katikati ya miaka ya 1970 kufanya kazi ya uanamitindo. Amesimulia mara nyingi jinsi mpambaji alivyomwuliza, kwenye kazi yake ya mwanzo kabisa, kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kwa sababu yeye hakuwa na yoyote ya kumfaa. Alilazimika kujichanganyia, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni yake ya vipodozi. Miaka 23 ikapita tena mpaka Rihanna alipotoa faundesheni za rangi 40 kwa mpigo, Septemba 2017, na kampuni nyingine zikakimbizana kuongeza zake. Kwa hiyo ujuzi wako huo wa kuzuia majivu umepatikana kwa tabu. Ni ujuzi wa watu waliokuwa hawahesabiwi. Rafiki yako ameuona thamani yake, na hilo ni jema. Anachotaka kuufanyia ndicho kibaya.

Utaniambia, lakini yeye anataka kusifu. Naamini. Na hata hilo limeshatokea. Februari 2013 jarida la mitindo la Numéro, la Ufaransa, lilitoa kurasa za picha chini ya kichwa kinachomaanisha "Malkia wa Afrika". Mwanamitindo aliyemo alikuwa msichana mzungu wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 16, amepakwa rangi ya shaba iliyokolea mwili mzima, amefungwa vilemba. Picha zilikuwa nzuri. Watu wakauliza swali moja: wasichana weusi wanaozunguka mjini Paris wakitafuta kazi za picha walikuwa wapi siku hiyo? Jarida likaomba radhi, na mpiga picha naye akaomba radhi. Sifa ilikuwepo, ila kazi na malipo vilikwenda kwa mwingine.

Wala usidhani hukumu hii ni ya wazungu peke yao. Zoe Saldaña ni mwigizaji mwenye asili ya Kiafrika, wa familia ya Jamhuri ya Dominika na Puerto Rico. Alipocheza maisha ya Nina Simone katika filamu iliyotoka 2016, alipakwa weusi zaidi na kubandikwa pua ya bandia. Nina Simone alikuwa mwanamke mweusi sana aliyeimba na kusema waziwazi juu ya jinsi weusi huo ulivyodharauliwa. Watu waliona uchungu kwamba hakutafutwa mwigizaji mwenye ngozi kama yake. Mwaka 2020 Saldaña aliomba radhi hadharani, akasema hakupaswa kuikubali nafasi ile. Alikuwa amempenda Nina, na bado ilibidi aseme hivyo.

Nimjibu sasa baba watoto, kwa heshima yake. Anasema ni magomvi ya Wamarekani wenyewe. Mwambie akumbuke Februari 2018, usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Wachina. Televisheni ya taifa ya China hurusha tamasha linalotazamwa na mamia ya mamilioni ya watu, na mwaka ule waliweka mchezo mfupi wa kushangilia reli ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa Mei 2017. Mama wa Kiafrika alichezwa na mwigizaji wa Kichina aliyepakwa weusi, kabandikwa makalio makubwa ya bandia, na sinia la matunda kichwani. Pembeni yake alikuwa mtu kavaa vazi la nyani. Hapo hapakuwa na Mmarekani hata mmoja wala meli ya watumwa. Ilikuwa reli yetu, pwani yetu, na mama zetu. Walisema ni kusherehekea urafiki. Mwaka 2021 tamasha hilohilo likaleta tena wachezaji wa ngoma waliopakwa weusi kuwa Waafrika.

Tena baba huyo anaweza kujua kwamba hakuletwa na meli, lakini mwalimu wa binti yake hajui, wala muuza duka anayemfuata nyuma asiibe, wala mtoto mwenzake anayemtania ngozi. Huko Ohio yeye ni msichana mweusi, basi.

Unga wa shuleni haunisumbui. Sisi sote tulipakwa unga kichwani tukashika bakora tukawa babu, na aliyepaka chaki awe mzungu alikuwa anamwigiza mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Na dada yako wa Marilyn hali kadhalika. Hakuna mzungu aliyefungiwa mlango wa ukumbi, wala mwigizaji mzungu aliyekosa mkate, kwa sababu ya faundesheni ya dada yule. Rangi ileile ikipakwa upande mmoja haiachi jeraha, upande mwingine ina historia ya karibu miaka 200. Hilo si pendeleo, ndivyo mambo yalivyokwenda.

Ila hao mabibi harusi uliowapandisha weupe wananiuma, na umewataja mwenyewe. Harusini naona uso wa bibi harusi una rangi yake na mikono iliyoshika maua ina rangi nyingine, na mama yake anatabasamu kwamba mwanangu ametoka mweupe. Ni wale wale mama wanaonunua mkorogo kwa siri, wakati Tanzania, Kenya na Rwanda zote zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kwa jinsi vinavyoharibu ngozi na figo. Lupita unayeombwa kumtengeneza alilisema hili Februari 2014, kwenye hafla ya jarida la Essence. Alisimulia kwamba utotoni dua yake kwa Mungu ilikuwa aamke akiwa mweupe zaidi, na asubuhi alikataa kujitazama mwili mpaka afike kwenye kioo, akikuta ngozi ileile. Alikuja kupata nafuu alipomwona Alek Wek, mwanamitindo wa Sudan Kusini, mweusi kama usiku, akisifiwa duniani. Yeye alilia machozi kwa ajili ya ngozi hiyo. Rafiki yako angeivaa kwa dakika chache, akasifiwa, akaifuta kwa pamba kabla ya kulala. Kwa hiyo ukija likizo na kupata kazi ya harusi, nakusihi, mpake bibi harusi rangi yake.

Lipo lingine ambalo hukuliuliza. Kwa nini anataka utokee kwenye video? Nakubali anaheshimu ujuzi wako. Lakini video ikitoka, watu wakianza kulalamika, jibu lake litakuwa tayari: aliyenipaka ni Mwafrika, yeye hakuona tatizo. Hata asipolisema yeye, watazamaji wake watamsemea. Jina lako litakuwa ndiyo ruhusa, na lawama zitakuja kwenye kiti chako, kwa wateja haohao wanaokuamini. Sidhani amelipanga. Nadhani moyoni ana wasiwasi, na ndiyo maana hakuifanya peke yake kama zile nyingine zote. Mtu aliyejigeuza mwanamume mwenye masharubu bila msaada hashindwi kuchanganya rangi. Anataka mtu wa kumwambia ni sawa. Rafiki wa kweli hapo ndipo anapofaa, kwa kumwambia si sawa kabla hajaumia.

Mwambie ana kwa ana. Usiandike ujumbe, maana maneno kama haya kwenye simu husomwa kwa ukali ambao hukuutia. Chagua wakati ambao hakuna mteja. Usianze na historia yote niliyokupa, atahisi amepandishwa kizimbani. Mimi ningesema hivi: "Nakupenda, na kazi yako naiheshimu, kwa hiyo nakwambia mapema. Ile ya Lupita siwezi kukupaka ngozi, na nakuomba usiipake hata kwa mtu mwingine. Watu wangu waliumizwa kwa rangi hiyo, na binti yangu angeniona nikiipaka. Nina wazo jingine, tukae tulizungumze." Kisha nyamaza, mwache aseme. Akijitetea kwamba hana ubaguzi, mwambie unajua hana, na ndiyo maana unazungumza naye badala ya kumkimbia. Akiuliza mbona akijipaka kijani au buluu hakuna anayelalamika, mjibu hakuna watu wa kijani waliowahi kuuzwa. Akitaka kujua zaidi, msimulie Lena Horne na Ava Gardner. Mpambaji atakielewa kisa hicho haraka kuliko mtu yeyote.

Na wazo jingine uwe nalo kweli, usiende mikono mitupu. Lupita kwa muda mrefu amepambwa na Nick Barose, mzaliwa wa Thailand. Zile rangi kali za macho zilizomfanya Lupita aigwe na wapambaji dunia nzima, zile buluu, zambarau na machungwa zilizokaa juu ya ngozi nyeusi kama zimezaliwa pale, nyingi ni kazi ya mkono wake. Mtu huyo si mweusi. Heshima yake kwa uzuri wa Lupita ameionyesha kwa kumpaka Lupita. Basi rafiki yako afanye lile analoliweza: achukue rangi za macho, nyusi, nywele fupi zilizopangwa, lile gauni la buluu hafifu na mkanda wa kichwani alilovaa Lupita usiku wa Oscar Machi 2014, na avae vyote kwenye ngozi yake mwenyewe. Atatambulika tu. Kipaji cha kujigeuza kinaonekana zaidi pale, maana hana rangi ya kumfanyia nusu ya kazi. Jumba la opera la Metropolitan, New York, lilitangaza mwaka 2015 kwamba mwimbaji anayecheza Otello, shujaa mweusi wa opera yenye jina hilo, hatapakwa tena weusi. Opera iliendelea, na Otello akaimba.

Au bora zaidi, kwa maoni yangu: atafute mwanamitindo mweusi, amlipe, na wewe umpambe mbele ya kamera yake. Watazamaji wake waone jinsi unavyosoma wekundu au unjano ulio chini ya ngozi nyeusi, kwa nini unachanganya rangi mbili, wapi poda inaleta majivu. Hiyo ni video ya mtaalamu, na ndiyo unayostahili kulipwa. Dada wengi huko Ohio wanaondoka saluni wakilia kwa sababu mpambaji hakujua kuwashika uso. Akina mama hao wangeitazama hadi mwisho.

Inawezekana atakataa. Inawezekana atakasirika, ukapoteza dola 500 na lifti za asubuhi. Sitakudanganya kwamba kukataa hakuna bei. Julai 2022, Angel Blue, mwimbaji wa opera mweusi wa Kimarekani, alikuwa na kazi Verona, Italia, kwenye uwanja mkubwa wa kale ambao kila mwimbaji anautamani. Akaona kwamba ukumbi huohuo, msimu huohuo, unaonyesha opera ya Aida na mwimbaji mzungu, Anna Netrebko, amepakwa weusi awe binti wa Ethiopia. Angel Blue akajiondoa. Hakuwa akiimba kwenye opera ile, angeweza kufumba macho akachukua fedha zake. Waandaaji walijitetea na maonyesho yakaendelea. Alilipia yeye. Lakini kila alipopanda jukwaani baada ya pale, wasichana weusi wanaosomea uimbaji walijua yuko upande gani.

Wako ana miaka 15 na anataka kujua jambo hilohilo kwako. Alipokwambia haendi shule, alikuwa anaogopa kusimama kwenye ukumbi wa shule huku wenzake wakishikilia simu yenye uso wa mama yake. Kaa naye peke yenu. Muulize ameshaona nini huko shuleni, ameshaitwa nini. Huenda kuna mambo hajawahi kukwambia kwa sababu alidhani utamjibu kama baba yake alivyomjibu. Usimkatize, na usimfundishe. Mwambie umekataa, na mweleze ni kwa nini, kwa maneno yako. Halafu baba yake naye aitwe asikie alichosimulia mtoto, bila wewe kumwongezea neno.

Kuhusu zile dola 150, zirudishe leo, kabla ya mazungumzo, kwa njia ileile zilizoingia. Ukimkabili ukiwa bado umezishika, atazungumzia makubaliano, na mtamaliza mchana mnabishana juu ya fedha. Zikiwa zimerudi, mtabaki na jambo lenyewe.

Shangazi yako